Somo Lililoendelea Majengo

Juni 2022 askari mmoja wa Kongo alipigwa risasi akafa mpakani Gisenyi, na tangu hapo vituo vya kuvukia kuingia Goma vikawa vinafungwa saa tisa alasiri. Zamani watu walivuka hata usiku. Safari yangu yote ya kurudi kufundisha niliipanga kwa kuitazama saa hiyo tisa. Basi la kutoka Kigoma linapita Kibondo na Nyakanazi, linashika njia ya Rusumo; unalala Kigali; alfajiri unapanda gari la Gisenyi ili ufike kituo cha mpakani cha Grande Barrière jua likiwa bado juu, ugongewe muhuri, masanduku yapekuliwe, kisha umpate kijana wa moto, yaani pikipiki, atakayekubali kumbeba mtu pamoja na katoni ya vitabu hadi Majengo. Nilivuka mwishoni mwa Agosti. Shule zilikuwa zinafunguliwa tarehe 5 Septemba.

Kongo ilikuwa imekamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai mwaka huohuo, na pale Goma wazazi walikuwa wakiulizia Kiingereza kuliko nilivyowahi kuona. Naamini walimu wengine wa Tanzania, Kenya na Uganda wataitwa huko kama nilivyoitwa mimi. Wengine wataondoka, kisha watarudi. Hao wa kurudi ndio ninaowaandikia hasa, kwa sababu mara ya kwanza ugenini kila mtu anakuhurumia na kukuelekeza, lakini ukirudi mara ya pili watu hudhani unajua, na wewe mwenyewe unadhani unajua.

Majengo iko kaskazini ya mji, katika komini ya Karisimbi, upande wa barabara iendayo Rutshuru. Ukiipita unaingia teritwari ya Nyiragongo: Buhene, Kanyaruchinya, Kibati. Ardhi yake ni mawe meusi yenye ncha ambayo mlima wa volkano wa Nyiragongo uliyatapika, na nyumba nyingi ni za mbao, zenye mabati juu na ngazi ya mawe mlangoni. Chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zinashuka na magunia ya makala na viazi kutoka milimani, mwenye chukudu amepiga goti moja juu ya ubao na mguu mwingine unasukuma. Maji hayana uhakika; watoto wanatembea na bidoni za njano tangu alfajiri. Nilifundisha hapo Kiingereza tangu mwaka 2018, katika shule ya sekondari ya binafsi, na nikapanga chumba kwenye parseli, yaani kiwanja, ya mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza samaki wa sambaza sokoni.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Anga liligeuka jekundu, na mkondo mmoja wa lava ukateremka hadi Buhene, ukala nyumba, ukakata barabara ya Rutshuru, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Wazee wa mtaa walikuwa na kipimo chao tayari: Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Kwa hiyo waliposema kimbieni, tulikimbia. Tulirudi kesho yake. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wa mitaa kumi ya mji wahame, Majengo ikiwa mmojawapo, kwa hofu kwamba lava ilikuwa inatembea chini ya mji na ziwa. Malaki ya watu waliondoka siku ile. Wengine walishika njia ya Sake, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengine tulivuka kuingia Rwanda.

Nilivuka na mama mwenye parseli na wajukuu zake. Gisenyi njia zetu ziligawanyika. Wao walilala nje pamoja na maelfu ya wengine, wakisubiri habari. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Tanzania, nauli, na ndugu waliokuwa wakinipigia simu kutoka Ujiji niende nyumbani. Nilikwenda. Nisingewasaidia chochote kwa kubaki pale nikawa mdomo mmoja zaidi wa kulishwa, na hadi leo naona niliamua sawasawa. Lakini jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa pale, hata kwa mtoto wa miaka sita aliyenishika gauni: sisi sote tulikuwa tunaikimbia hatari ileile, ila mimi nilikuwa na mlango ambao wao hawakuwa nao. Mwezi Juni serikali iliporuhusu watu warudi, wao walirudi Majengo. Mimi nilikaa Ujiji zaidi ya mwaka.

Mwalimu mgeni anaporudi baada ya kuutumia mlango huo, yeye na wanafunzi wake wote wanajua kwamba upo. Kutulia upya kunaanzia hapo.

Mama mwenye parseli alinipokea kwa kelele za furaha zilizowatoa majirani nje. "Njo wewe! Njo wewe ulirudia!" Yaani, ndiye wewe, umerudi. Alinikumbatia, akanikalisha, akaleta fufu na sombe kabla sijafungua sanduku. Kisha akanieleza mambo moja baada ya jingine kwa utaratibu wake. Chumba changu kilikuwa kimekaliwa na familia iliyounguliwa na nyumba Buhene. Hawezi kuwatoa, na hakudhani kwamba ningetaka watolewe. Alikuwa na chumba kingine, kidogo, upande wa jikoni. Garanti, ile amana ya chumba, angenipunguzia. Katoni yangu ya vitabu aliibeba mwenyewe aliporudi kutoka Gisenyi na kuitia uvunguni, panya walikula majalada mawili. Nikamshukuru. Akasema tusianze kushukuriana, kesho asubuhi kuna kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kutoa pole. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda shuleni kesho yake kuonana na mkuu wa shule na kuchukua ratiba. Mama alisema shule itangoja. Mtu aliyekuwa hayupo wakati wa msiba harudi akapita mbele ya nyumba ya waliofiwa akienda kazini kwake, atapitaje? Akanipangia njia: kwanza nyumba zenye vifo, halafu wagonjwa, halafu walioharibikiwa mali, mwisho watoto waliozaliwa. Kwa kila nyumba aliniambia nimkaribie nani, nikae wapi, nisiulize nini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani aliyekufa siku mbili baada ya mlipuko. Alikuwa amekwenda kutazama mbuzi wa shemeji yake upande wa Kibati, akakatiza juu ya lava ambayo ilikuwa haijapoa, na hewa yenye sumu ikamzidi, kama ilivyowazidi wengine kadhaa siku zile. Nilimjua vizuri. Ndiye aliyenitengenezea rafu ya vitabu mwaka 2018. Nilikuwa nimemtumia mjane wake rambirambi kwa simu na pesa kidogo, na nilidhani nimefanya linalowezekana. Mjane alinishika mkono akasema ujumbe ulifika na pesa zilifika, akataja hata kiasi na alichonunulia. Kisha akasema, "Lakini wewe ulikuwa haujafika." Tukakaa. Alinisimulia kifo cha mumewe tangu mwanzo, kana kwamba kilitokea jana, na nikaelewa kwamba ameshawasimulia wote wa mtaa isipokuwa mimi, na kwamba kulikuwa na nafasi iliyokuwa ikinisubiri katika msiba ule hata baada ya mwaka mmoja na miezi kupita.

Tulizunguka kwa siku kadhaa. Nilikwenda Buhene, nikaona wanawake wamekaa juu ya lava ile ile wakiivunja kwa nyundo, wakiuza kokoto na mawe ya kujengea. Ukuta mpya wa parseli yetu ulikuwa umejengwa kwa mawe hayo. Nikamwona mtoto aliyezaliwa njiani kwenda Sake, sasa anatembea. Nikaandikishwa upya kwa nyumbakumi, ambaye alitaka kujua kama mara hii nimekuja na mume. Nilipoingia shuleni, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa Majengo walikuwa wamesikia majumbani kwao kwamba nimerudi na nimekwisha kutoa pole. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba mgeni mwingine aliyewahi kurudi katika shule jirani alianzia kazini moja kwa moja, na wazazi hawakumgombeza wala kumchukia, walimwacha tu awe mtu wa shule. Alifundisha mwaka mzima akiwa mtu wa shule. Naamini hicho ndicho kitu kikubwa nilichopewa katika kurudi kwangu, na alinipa mwanamke anayeuza sambaza ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne.

Sasa darasani. Wanafunzi niliowaacha mwaka wa kwanza wa humanite, yaani sekondari ya juu, walikuwa wameingia mwaka wa tatu. Walikuwa wamerefuka, wavulana sauti zimevunjika, mashati meupe na suruali za bluu zimewabana. Waliimba wimbo wa kunikaribisha. Nilikuwa nimeandaa marudio ya mambo ya mwaka wa kwanza, nikidhani tutaanzia tulipoachia. Kabla sijaandika ubaoni, kiongozi wa darasa alisimama akaleta mbele daftari kubwa lenye jalada gumu, limefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Nililijua. Tulilianzisha pamoja mwaka 2019, mwaka ambao Ebola ilifika Goma na wazazi wengine wakawa wanawaficha watoto nyumbani wakisikia uvumi wowote. Vitabu vya Kiingereza havikuwapo vya kutosha, basi kila somo mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri alilinakili kwenye daftari la darasa: tarehe, namba ya somo, maelezo, mazoezi na majibu. Aliyekosa shule analichukua nyumbani usiku mmoja. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, daftari lilizunguka mtaani kutoka parseli hadi parseli. Kwangu lilikuwa njia ya kuziba pengo la vitabu, basi. Mei 2021 sikulikumbuka hata kidogo.

Kiongozi wa darasa alilibeba hadi Sake. Aliacha viatu vyake vya Jumapili, akabeba daftari. Shule ilipofunguliwa tena hapakuwa na mwalimu wa Kiingereza kwa miezi mingi. Mwalimu wa biolojia, kijana aliyejifunza Kiingereza chake kwenye redio na kwenye kituo kimoja cha lugha mjini, aliombwa na wanafunzi wenyewe awe anakaa nao saa za kipindi changu. Yeye hakudai kwamba anajua. Walisoma somo la nyuma, wakatafuta la mbele yake kwenye kitabu kimoja kilichochakaa, wakalijadili, wakaliandika. Namba zilifuatana. Nilifungua mahali pa somo langu la mwisho, Ijumaa ya tarehe 21 Mei, na ukurasa uliofuata ulikuwa na namba iliyofuata, mwandiko mwingine, tarehe ya mwezi wa kurudi. Kisha nyingine, na nyingine, hadi karibu na mwisho wa daftari. Kulikuwa na makosa, mengine yamerudiwa darasa zima, vitenzi vya wakati uliopita vimepewa maumbo ambayo Mwingereza hayajui. Lakini walikuwa wameshapita mbali na mahali nilipopanga kuanzia.

"Mwalimu hakukuwa," kiongozi alisema, "lakini daftari ilikuwa."

Nilikaa kwenye kiti nikasoma kurasa hizo mbele yao kwa muda mrefu, nao wakaninyamazia. Msichana wa dawati la pili ndiye aliyenyoosha mkono. "Madamu, utaenda tena lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza gari linaondoka saa ngapi, ili ajipange. Na walikuwa na haki ya kujipanga. Watoto hawa wengi wao walizaliwa kati ya 2004 na 2006. Walikuwa wachanga mwaka 2008 waasi wa CNDP walipofika kwenye kingo za Goma. Walikuwa wanaanza shule Novemba 2012 waasi wa M23 walipoingia mjini. Halafu Ebola, halafu korona, halafu volkano. Kila mara waliona magari meupe ya wageni yakielekea mpakani kwanza, na kila mara wageni wengine walikuja baadaye wakasema, sisi tuko pamoja nanyi. Mtoto wa Goma ameshasikia ahadi hiyo mara nyingi mno kuliko umri wake.

Nikawajibu kwamba mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na unaweza kuongezwa. Kwamba mlima ukipasuka au vita ikifika, inawezekana nitaondoka kabla yao, kwa sababu mimi nina pa kwenda. Kwamba siwezi kuwaahidi kubaki. Ninachoweza kuahidi ni kwamba hakuna somo litakalokaa kichwani mwangu peke yangu; kila nitakachofundisha kitakuwa ndani ya daftari na ndani ya mtu mwingine wa hapa kabla wiki haijaisha.

Mmoja wa wakubwa wa shule alinisikia kupitia dirishani akaniita mapumziko. Alisema kwa upole kwamba sikufanya vyema, kwamba mwalimu kazi yake ni kuwatia watoto moyo, na kwamba kuna maneno ambayo hata kama ni kweli hayasemwi mbele ya mtoto. Namheshimu, ameishi mengi kuliko mimi. Lakini katika hili sikukubaliana naye, na sasa sikubaliani naye hata zaidi. Ahadi ya kubaki ikitolewa na mtu mwenye pasipoti mfukoni, watoto wanaipokea kwa adabu na hawaiamini, na adabu hiyo inakaa kati ya mwalimu na darasa mwaka mzima. Ukisema ukweli kuhusu mlango wako, wanaacha kuutazama. Siku ile baada ya kipindi walianza kugombania zamu: nani ataandika somo la kesho, nani atashika daftari wikiendi. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu kuondoka.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ilimhusu mwalimu wa biolojia. Niliomba awe anakaa katika vipindi vyangu, na kila Alhamisi afundishe yeye nami nikae nyuma. Yeye aliona aibu. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba wamelipa minervali, yaani ada, ili watoto wafundishwe Kiingereza na mtu wa Tanzania, si na mtu wa Rutshuru. Mwenye shule naye alipenda mgeni aonekane mbele ya darasa, kwa sababu mzazi anayepita akimwona mgeni anamleta mtoto. Hesabu hiyo naielewa, shule ya binafsi inaishi kwa ada. Lakini ilikuwa hesabu ya muhula mmoja. Tulisukumana hadi Oktoba. Kilichowalainisha wazazi ni mkutano mmoja ambapo mwalimu wa biolojia mwenyewe alisimama akasoma orodha ya masomo aliyoyaongoza wakati mimi niko Ujiji, kwa namba na tarehe, kutoka kwenye daftari. Baada ya hapo mzee mmoja akasema, basi huyu njo mwalimu, yule mama ni msaidizi wake. Watu wakacheka, nami nikaona mzee amesema sawa kabisa.

Jioni tulibadilishana. Nilimfundisha matamshi na ufahamu, naye akanifundisha Kifaransa cha kwenye makaratasi, kile cha barua za wakaguzi na fomu za mitihani, ambacho kwa mwalimu yeyote kutoka upande wetu ni ukuta. Ningemshauri kila anayekwenda kufundisha Kongo atafute Kifaransa hicho mapema kuliko kingine chote.

Somo la aina hii, lisilomtegemea mwalimu mmoja, nilikuwa nimewahi kuliona kwetu pasipo kulitambua. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita upande wa Kivu ya Kusini. Ndani yake walimu wa Kikongo wamefundisha miaka yote kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya nchi inayofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Watu wetu wa Kigoma wengi waliona ni ukaidi: umekaa Tanzania miaka yote hiyo, kwa nini mtoto asisome cha Tanzania? Nilipokuwa kijana nilikuwa na rai hiyo pia. Bibi yangu, ambaye ni Mmanyema na ana jamaa ng'ambo ya ziwa, hakuwa nayo. Alisema wale walimu wanawatunzia watoto njia ya kurudia. Walikuwa wanafundisha somo linaloweza kuhamishwa, ambalo halikatiki mwalimu akifa, akirudishwa kwao au akipelekwa Marekani, kwani anayefuata analikuta mahali palepale. Katika mambo ya kufundisha ugenini, hao ndio walimu ninaowaona wametutangulia.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 waliichukua Kiwanja na Rutshuru, na katikati ya Novemba mapigano yakafika Kibumba. Barabara inayopita kando ya mtaa wetu ikajaa watu wanaoteremka: magodoro kichwani, kuku, mbuzi, wazee waliobebwa kwenye chukudu. Wengi walikaa Kanyaruchinya, palepale juu ya lava, chini ya maturubai. Barabara ya Rutshuru ndiyo inayoilisha Goma maharagwe, mahindi na viazi. Ilipokatika, bei ya maharagwe sokoni ikapanda hadi mama mwenye parseli akawa anapima kwa kikombe. Wazazi waliokuwa wakifanya biashara ya njia hiyo wakashindwa kulipa minervali, na mishahara yetu ikaanza kuja vipandevipande. Mama akanikubalia kodi kwa nusu. Nami nikamfundisha mjukuu wake hesabu jioni, na hatukuandikiana deni.

Shuleni wakaletwa wanafunzi kutoka huko juu, wengi bila karatasi yoyote ya kuonyesha walikuwa darasa gani. Darasani kwangu aliingia mvulana kutoka Kiwanja. Hakuwa na sare, hakuwa na daftari, na hakusema neno. Zamani ningemfanyia jaribio, nimpangie masomo ya ziada, nimhangaikie. Kabla sijafikiri lolote, msichana yule wa dawati la pili alikuwa ameshampa daftari la darasa, akamwonyesha mahali pa kuanzia, akamwambia alirudishe Jumatatu. Alilirudisha Jumatatu. Alikuwa ameandika kwa penseli, pembeni ya ukurasa mmoja, sahihisho la moja ya yale makosa ya vitenzi yaliyokuwa yamerudiwa tangu 2021, ambalo mimi nilikuwa sijalifikia. Wakamkubali papo hapo. Kufikia Krismasi ndiye alikuwa mwandishi wa Jumatano.

Nilimtazama kijana yule alivyotulia katika wiki zile, nikajilinganisha naye. Yeye alipoteza nyumba, mimi nilirudi kwa hiari yangu, hali zetu hazifanani. Lakini wote wawili tulipokelewa kwa namna moja: tulipewa sehemu ya kazi iliyokuwa inaendelea, tukaambiwa siku ya kuirudisha.

Mkataba uliongezwa. Darasa lile lilifika mwaka wa nne, likafanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Katika mtihani huo, uitwao Exetat, Kiingereza huulizwa siku moja na Kifaransa, kwenye karatasi ya lugha, na maswali ni ya kuchagua jibu. Wiki za mwisho tulifanya mazoezi ya aina hiyo hadi watoto wakawa wanajibizana hata wakipita uani. Mwalimu wa biolojia alikwisha kuwa mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya chini kwa jina na kwa mshahara, biolojia wakapewa wengine. Mwaka huo mama yangu alianza kuumwa, nikamaliza muhula, nikaaga nyumba kwa nyumba kwa utaratibu uleule wa mama mwenye parseli, na nikarudi Ujiji.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma. Siku kadhaa simu hazikupatikana. Nilikaa na redio. Habari za mtaa zilikuja kidogokidogo: mama mwenye parseli mzima, ukuta wa jikoni umetobolewa na risasi, mtoto wa jirani amekufa. Nilimpigia mama yake nilipompata, na nilijua nikimpigia kwamba bado sijafika.

Februari shule zilipoanza kufunguliwa, mwalimu wa Kiingereza, yule aliyekuwa wa biolojia, aliniandikia. Darasani walikuwa wamerudi karibu nusu. Wengine walikuwa bado Gisenyi, wengine hawajulikani walipo, na kulikuwa na wageni kutoka kambi zilizovunjwa. Daftari la mwaka lilikuwa limesimama kwenye sentensi za masharti. Aliuliza kama aendelee mbele au arudie. Nilimjibu kwamba darasa ni lake, anawaona yeye. Akaamua kurudia kutoka somo la kwanza la muhula, ili waliokuja na waliokuwapo waanze mahali pamoja, na akaniomba mazoezi mapya kwa sababu ya zamani waliokuwapo wanajua majibu. Niliyaandika usiku ule nikamtumia. Wiki iliyofuata alinirudishia picha ya ukurasa, makosa mawili yangu yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameuliza kuhusu matamshi ya neno moja, nikamrekodia sauti.